Watu Mia Nne Wanatosha? Ukubwa wa Sampuli, Kutoka Machimbo ya Geita Hadi Zahanati za Shinyanga

Sura ya tatu ya tasnifu nyingi zinazoandikwa katika vyuo vikuu vya Tanzania ina aya inayofanana na ya jirani yake rafuni. Mtafiti anataja idadi ya wakazi wa eneo lake, anaandika kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, anaweka kosa la 0.05, na anapata watu 400 au pungufu kidogo. Msimamizi anaridhika, kibali kinatoka, na madodoso yanapelekwa vijijini.

Kanuni hiyo ni rahisi kuijaribu. Idadi ya watu inazidishwa na mraba wa kosa, jibu linaongezwa moja, kisha idadi ileile ya watu inagawanywa kwa jumla hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga. Geita inatoa 399.95, Shinyanga 399.93. Tanzania nzima, yenye watu 61,741,120, inatoa 399.997. Kata moja yenye watu 20,000 inatoa 392.

Hapo pana ukweli mmoja na mtego mmoja. Ukweli ni kwamba idadi ya wakazi, ambayo watafiti wengi huanza nayo na kuihangaikia, haibadilishi kitu kikubwa ikishapita maelfu machache. Mtego ni kuamini kwamba 400 inafaa kwa kila utafiti. Namba hiyo inajibu swali moja tu: asilimia ya jambo fulani ni ngapi, kwa kukosea pointi tano juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, iwapo watu wamechaguliwa kwa nasibu, mmoja mmoja, kutoka orodha kamili. Swali likibadilika, 400 inaweza kuwa nyingi mno, au ikawa chache kiasi cha kupoteza muda wa wahojiwa.

Mhadhara huu unajenga hoja moja: ukubwa wa sampuli unatokana na uamuzi unaosubiri matokeo na jinsi kitu kinachopimwa kinavyotofautiana. Ushahidi wake hauhitaji kutafutwa mbali. Ukanda wa dhahabu na vijiji vinavyouzunguka vimetoa mifano ambayo wanatakwimu wa dunia nzima wanaijua.

Punje za dhahabu katika gramu 30

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa, mkoani Geita, wanaijua shida ya sampuli kabla ya kusikia neno takwimu. Mbale, yaani mawe yanayodhaniwa kuwa na dhahabu, ikitoka duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, kipande kinapondwa hadi kuwa unga, unga unaoshwa kwenye karai kwa kuzungushwa polepole, na macho yote yanaelekea kwenye mkia mwembamba wa njano unaobaki pembeni. Mkia ukionekana, watu wanaendelea kushuka. Tatizo ni kwamba jiwe lililokuwa kando ya lile lililopondwa lingeweza kutoa karai tupu, ingawa yote mawili yametoka kwenye mwamba mmoja.

Maabara ina mizani bora kuliko karai, lakini haikwepi tatizo hilo. Katika upimaji wa dhahabu kwa tanuri, kiasi kinachoyeyushwa kwa kawaida ni gramu 30 au 50 za unga. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani una mikrogramu 150 za dhahabu katika gramu 30. Punje ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 0.1 ina uzito wa mikrogramu 10 hivi, kwa hiyo gramu hizo 30 zinabeba punje kama 15. Hiyo ni hali ya kuvumilika.

Punje zikiwa za milimita 0.2, kila moja inakuwa na uzito mara nane, na gramu 30 zinabeba kwa wastani punje pungufu ya mbili. Sasa bahati inatawala. Takriban sampuli moja kati ya sita haitakuwa na punje hata moja, na cheti kitaonyesha kwamba mwamba hauna kitu. Nyingine, kama moja kati ya nane, itanasa punje nne au zaidi na kuonyesha zaidi ya gramu 10 kwa tani, mara mbili ya ukweli. Maabara haijakosea katika vyeti vyote viwili. Kilichokosewa ni kiasi kilichopelekwa.

Mhandisi Mfaransa Pierre Gy, aliyefariki mwaka 2015, alilifanyia jambo hili nadharia kamili. Katika hesabu yake, uzito wa sampuli unaohitajika unapanda kwa mchemraba wa ukubwa wa vipande. Mawe yakisagwa hadi nusu ya ukubwa wa awali, uzito unaotosha unashuka hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo maana sampuli inayochukuliwa baada ya karasha kusaga mawe, kwenye unga uliochanganywa vizuri, inaaminika kuliko kipande kilichookotwa mdomoni mwa duara. Rundo likiwa na tani 5 au tani 500, hilo halibadilishi mengi. Kinachoamua ni mtawanyiko: jinsi dhahabu ilivyosambaa au kujikusanya.

Somo la pili la dhahabu lilitoka Afrika Kusini. Mwaka 1951, Danie Krige alionyesha kutokana na takwimu za migodi ya Witwatersrand jinsi ya kukadiria wingi wa dhahabu kwa kuzingatia kwamba sampuli zilizo karibu hufanana. Mfaransa Georges Matheron aliipanua kazi hiyo na kuipa njia hiyo jina la Krige. Kwa anayepanga sampuli, maana yake ni kwamba shimo la pili lililochorongwa hatua chache kutoka la kwanza haliongezi habari nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya linachosema imeshasemwa. Watu wa kijiji kimoja wako hivyohivyo, na jambo hilo lilipata uthibitisho wake mkubwa ng'ambo tu ya ukanda huu.

Jamii sita mbele ya sita

Hadi mwaka 2012 Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huo wa zamani, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la afya la AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba ya Magonjwa ya Kitropiki cha London walitafuta jibu la swali zito: je, kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida kunapunguza maambukizi mapya ya VVU? Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita. Katika kila jozi, moja ilichaguliwa kwa nasibu kupata huduma iliyoboreshwa, yaani wahudumu waliofunzwa, dawa za uhakika, usimamizi wa mara kwa mara na elimu ya afya. Nyingine iliendelea na huduma iliyokuwepo.

Katika kila jamii walisajiliwa watu wazima wapatao 1,000, jumla 12,537. Baada ya miaka miwili walipatikana 8,845, sawa na asilimia 71. Wengine walikuwa wamehama, wamefariki au hawakuonekana. Miongoni mwa waliopatikana ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, upande wa huduma iliyoboreshwa waliambukizwa 48 kati ya 4,149, asilimia 1.2. Upande wa pili waliambukizwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Baada ya marekebisho ya kitakwimu, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 42. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995 na kubadilisha mjadala wa kinga ya UKIMWI duniani.

Sasa wawekwe wale watu 400 wa Yamane mahali pa wale maelfu. Mia mbili kila upande, kwa viwango vilevile, wangetoa maambukizi kama manne upande mmoja na mawili au matatu upande wa pili. Hakuna mtu angeweza kutenganisha tofauti hiyo na bahati tupu, na tiba iliyofanya kazi ingeandikiwa ripoti ya kushindwa. Ili tofauti kati ya asilimia 1.9 na 1.2 ionekane kwa uwezekano wa asilimia 80, hesabu ya kawaida ya kulinganisha asilimia mbili inadai watu kama 4,900 kila upande, na hiyo ni kabla ya kufikiria kwamba wanaishi pamoja vijijini.

Jambo la kwanza linaloonekana hapa ni kwamba habari haikubebwa na watu wote 12,537. Ilibebwa na wale 130 walioambukizwa. Tukio likiwa adimu, mtafiti hana budi kuhesabu matukio anayoyatarajia kabla ya kuhesabu vichwa.

La pili ni zile jamii. Wakazi wa jamii moja wanatumia zahanati moja, gulio moja, barabara moja, na kwa walio kando ya ziwa, mwalo mmoja. Wanafanana kama sampuli za Krige zilizo karibu, kwa hiyo watu 1,000 wa mahali pamoja hawana uzito wa watu 1,000 waliotoka mahali 1,000. Nguvu ya utafiti ule ilikuwa katika idadi ya jozi. Maambukizi yalikuwa machache upande wa huduma iliyoboreshwa katika jozi zote sita. Kama huduma isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingeweza kuelemea upande wowote, na uwezekano wa zote sita kuelemea upande huo ungekuwa mmoja kati ya 64. Mwaka 1999 Richard Hayes, mwanatakwimu aliyeshiriki utafiti wa Mwanza, pamoja na Steve Bennett walichapisha kanuni ya kukadiria idadi ya jamii zinazohitajika, inayozingatia tofauti za asili kati ya jamii na jamii. Kanuni hiyo inatumika leo katika nchi nyingi.

Mradi wa MEMA kwa Vijana ulifuata nyayo hizo katika jamii 20 za wilaya za Geita, Sengerema, Misungwi na Kwimba. Ulilenga kupima kama elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana zinapunguza VVU. Vijana 9,645 walisajiliwa. Hadi tathmini ya 2001 na 2002, maambukizi mapya yalikuwa 45: wavulana watano na wasichana 40. Kwa wazazi wa vijana hao ilikuwa habari njema. Kwa swali la utafiti, wavulana watano hawakuweza kugawanywa pande mbili na kutoa maana. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008 wakapima vijana 13,814 katika jamii zilezile, wakati ambapo umri ulikuwa umeongeza idadi ya walioathirika, na jibu likawa wazi zaidi: viwango vya VVU havikutofautiana. Kusubiri matukio yatimie kulikuwa sehemu ya kukadiria ukubwa wa sampuli.

Pale wachache wanapotosha

Shinyanga ina mfano wa upande wa pili. Katika kliniki tatu za mkoa huo, watu wanaoishi na VVU wenye upungufu wa chakula waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: ushauri wa lishe peke yake, ushauri na chakula, au ushauri na fedha, shilingi 22,500 kwa mwezi kwa wanaohudhuria kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Washiriki walikuwa 805 tu, na kundi la ushauri peke yake lilikuwa na watu 113. Baada ya miezi sita, waliodumu na dawa kwa angalau asilimia 95 ya muda walikuwa asilimia 63.4 katika kundi la ushauri, 79.2 katika kundi la chakula na 85.0 katika kundi la fedha.

Idadi ndogo ilitosha kwa sababu mbili. Tukio lililopimwa lilikuwa la kawaida, halikuwa adimu kama maambukizi mapya, na tofauti ilikuwa kubwa. Hata hivyo udogo wa kundi la ulinganisho ulijionyesha: faida ya fedha ilikadiriwa kuwa pointi 21.6, lakini ikiwa na mipaka ya kuanzia 9.8 hadi 33.4. Anayetaka kujua kama fedha zinasaidia alipata jibu. Anayetaka kujua zinasaidia kwa kiasi gani hasa alipata masafa mapana.

Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2020 kutoka kliniki nne za Shinyanga, uliwahusu watu 530 waliokuwa wakianza dawa. Kundi moja halikupewa fedha, la pili lilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi, la tatu 22,500. Waliobaki kliniki huku virusi vikiwa vimefubazwa baada ya miezi sita walikuwa takriban asilimia 73, 83 na 86. Kwamba fedha zinasaidia, mkusanyiko wa tafiti hizo mbili unashawishi. Lakini ofisa wa bajeti ana swali lake mwenyewe: zile shilingi 12,500 za ziada zinanunua kitu? Ili tofauti kati ya 83 na 86 ionekane kwa uwezekano uleule wa asilimia 80, kila kundi lingehitaji watu kama 2,300. Mkoa uleule, kliniki zilezile, dawa zilezile, na sampuli imepanda zaidi ya mara kumi kwa sababu uamuzi umebadilika.

Kile ambacho wingi haukiponyi

Kuna kosa lisilopungua hata sampuli ikiwa kubwa kiasi gani, na Kahama inalikumbuka. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, mchanga wenye shaba na dhahabu kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yalibaki Dar es Salaam. Mei 24, kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha Ikulu matokeo yake: dhahabu ya kati ya gramu 671 na 2,375 kwa tani, wastani 1,400. Kwa kontena la tani 20 hiyo ni kilo 28, na kwa makontena yote ni tani 7.8. Nyaraka za usafirishaji zilikuwa zikionyesha wastani wa gramu 200 hivi kwa tani, kilo nne kwa kontena. Kampuni ya Acacia iliyakataa matokeo ya kamati.

Mabishano mengi ya wakati ule yalikwenda kwenye siasa na sheria, hadi makubaliano na Barrick, kampuni mama ya Acacia, yaliyozaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Kwa mwanatakwimu, namba zenyewe zilikuwa zimeshasema jambo muhimu. Kipimo cha chini kabisa cha kamati, 671, kilizidi mara tatu wastani wa nyaraka. Namba za pande mbili hazikugusana hata kwa kingo. Bahati ya kuchota haileti pengo la namna hiyo, na kuongeza makontena kwa utaratibu uleule kusingeliziba. Pengo kama hilo linatafutwa kwingine: mchanga ulichotwa sehemu gani ya kontena na kwa kina gani, ulikaushwa vipi, uligawanywa vipi kabla ya kupimwa, na maabara ilitumia sampuli zipi za uthibitisho. Njia ya kulimaliza kisayansi ni pande zote mbili kuchota pamoja, kugawa mfuko mmoja sehemu tatu, na sehemu ya tatu kwenda kwa mpimaji asiye na upande.

Sampuli kubwa inapunguza kosa la bahati. Upendeleo, yaani kosa linaloelemea upande mmoja kila mara, inauacha ulivyo, na kwa kuwa mipaka ya makadirio inazidi kuwa myembamba, msomaji anazidi kuuamini.

Hesabu ya meza moja

Namna ya kuyaweka haya yote katika karatasi moja inaonekana vizuri kwa mfano wa kufikirika wa halmashauri yenye machimbo, inayotaka kujua ni asilimia ngapi ya wanaochoma zebaki kwenye mialo ya kuchenjua dhahabu hufanya hivyo bila kifaa cha kunasa mvuke. Matokeo yatatumika kuamua kama vifaa vigawiwe kila mwalo au elimu ielekezwe kwenye mialo michache.

Kwa uamuzi huo, kosa la pointi saba linavumilika. Asilimia haijulikani, kwa hiyo inachukuliwa 50, ambayo ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Hesabu inatoa watu 196. Lakini wanaochoma kwenye mwalo mmoja hufundishana na hutumia vifaa vya pamoja, basi wanafanana. Wakihojiwa watu 20 kwa kila mwalo, mfanano wa wastani unatosha kuongeza mahitaji mara mbili: 392. Wachimbaji huhama haraka zikisikika habari za dhahabu mpya kwingine, na baadhi watakataa kuzungumzia zebaki. Wakikosekana asilimia 15, orodha inapaswa kuanza na watu 462, sawa na mialo 24.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulijengwa kwa mantiki hiyohiyo kwa kipimo kikubwa: maeneo 629 ya kuhesabia watu, kaya 26 katika kila eneo. Maeneo yalikuwa mengi na kaya chache kwa kila eneo, na wingi wa maeneo ulitokana na haja ya kutoa takwimu za kila mkoa. Aliyetaka wastani wa taifa peke yake angetosheka na sehemu ndogo ya hayo.

Ikiwa fedha za halmashauri zinatosha mialo 12 tu, watu watakaopatikana ni kama 204, na kwa sababu ya kufanana kwao watakuwa na uzito wa 102. Kosa linapanda hadi karibu pointi kumi. Mtafiti ana njia tatu za haki. Anaweza kuhoji watu kumi katika kila mwalo badala ya 20 na kuitumia akiba kufika mialo mingi zaidi. Anaweza kuieleza halmashauri, kabla ya kazi kuanza, kwamba jibu litakuja na pointi kumi kila upande, kisha kuuliza kama uamuzi wa vifaa unaweza kufanywa kwa jibu hilo. Na ikiwa hauwezi, anaweza kupendekeza fedha hizo zisubiri bajeti inayofuata, huku akitembelea mialo miwili au mitatu kupima mfanano halisi, ili hesabu ya mwakani itumie namba za mahali penyewe badala ya kudhani.